FUMBO LISILOSEMA UONGO
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Mang'ola)



Tumeagizwa na halmashauri kusema juu ya mafumbo ya maneno, yale yaandikwayo katika vyumba vya mraba, vyeupe na vyeusi, maneno mengine yakienda kulia na mengine yakishuka chini. Magazetini twayaita chemshabongo. Wapo wenzetu waonao ya kuwa jambo hili ni la kupotezea saa ya chai tu, nasi hatutabishana nao sana, maana saa ya chai nayo ina haki yake. Lakini twataka kuonyesha ya kuwa liko fumbo la namna nyingine, gumu zaidi na tamu zaidi, ambalo lugha yetu ina kila chombo cha kulitengeneza, nasi twaliacha.

Chemshabongo tuliyoizoea huuliza habari. Huuliza mji mkuu wa nchi fulani, au jina la ziwa. Ajuaye huandika, asiyejua huacha wazi, na hata akikesha mpaka alfajiri hapati, maana hakuna njia ya kumfikisha. Fumbo tulisemalo sisi si hilo. Kila swali lake hubeba jibu mara mbili: mara ya kwanza kwa maana ya neno, na mara ya pili kwa maungo yake. Ufunguo mmoja ukikataa, wa pili hufungua. Na zote mbili zikikubaliana, mfumbuaji hana haja ya kumwuliza mtu kama amepata.

Mraba wa kwanza wa namna hii ulitungwa na Arthur Wynne, ukatokea katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913. Uliuliza maana tu. Ni Waingereza walioutia hila. Edward Powys Mathers, aliyejiita Torquemada, alianza mwaka 1926 kutunga mafumbo ya hila katika gazeti la The Observer, na wengi walimfuata. Mwezi Januari 1942, wakati wa vita, gazeti la Daily Telegraph liliwaita wasomaji wake wafumbue fumbo mbele ya wasimamizi kwa dakika zisizozidi 12. Baadaye baadhi yao walipokea barua za kuitwa kwenye kazi ya siri, nayo ilikuwa kazi ya kufumbua habari za adui huko Bletchley Park. Basi saa ya chai ya watu wale haikupotea.

Lakini tusidhani ya kuwa hila hii imeletwa kwetu kwa meli. Mwaka ule ule wa 1913 Muhammad Kijumwa wa Lamu aliandika utendi wa Fumo Liyongo, na kisa chake mwakijua. Liyongo yu gerezani, naye kwa wimbo amwagiza kijakazi Saada akamwambie mama aoke mkate wa wishwa, na katikati yake atie tupa. Walinzi wakauona mkate wa wishwa, wakaudharau, wakamwachia mfungwa wao. Naye akaikatia minyororo. Twaomba mwutazame vizuri mkate ule. Haukusema uongo: ulikuwa mkate kweli, na wishwa ilikuwa wishwa kweli. Kilichowapumbaza walinzi ni kwamba walitazama nje wakaridhika.

Sasa sikilizeni swali hili, jibu lake lina herufi 4: «Watu pale wameficha cha kunolea panga.» Msomaji aona watu wamesimama mahali, na panga butu. Lakini swali limesema wazi kwamba watu pale wameficha kitu. Yaandikeni maneno hayo mawili bila nafasi, watupale, nanyi mtaona tupa imelala katikati, kama katika mkate wa mama yake Liyongo.

Namna ya pili ni ya neno lenye maana mbili, na hapa Kiswahili ni tajiri mno. Paa ni mnyama na paa ni la nyumba. Mbuzi hula majani na mbuzi hukuna nazi. Mto huenda ziwani na mto hulaliwa kichwa. Basi: «Ndovu agemwaye mnazini», herufi 5. Aliyezaliwa pwani atacheka kabla hatujamaliza kusoma, maana tembo ni ndovu, na tembo ni kinywaji kigemwacho mnazini.

Namna ya tatu ni kugeuza. Waingereza hugeuza herufi moja moja, lakini sisi hatuhitaji kuwaiga. Watoto wa pwani walikuwa na mchezo uitwao kinyume, wa kuitwaa silabi ya mwisho na kuitanguliza mbele, wazee wasielewe wanalosema. Silabi ndiyo tofali la lugha yetu, tena sikio lasikia silabi upesi kuliko jicho lionavyo herufi. «Geuza uchafu, upate cha kutekea maji», herufi 4. Uchafu ni taka. Geuza silabi zake, upate kata.

Ya nne ni kuunga. Katika yote tuliyojaribu kutunga, hili ndilo tulipendalo kuliko mengine, pengine kwa sababu sisi ni makarani: «Za kuchezea si za kuandikia», herufi 8. Laonekana kama onyo la mkuu wa ofisi. Lakini za kuchezea ni karata. Ongeza si, neno ambalo halikufichwa hata kidogo bali limesimama katikati ya swali mchana kweupe. Nazo za kuandikia ni karatasi.

Ziko taabu zake, tena za lugha yetu peke yake. Maneno yetu karibu yote huishia kwa vokali, na vitenzi vingi huishia kwa a. Hata mtu akiisha pata herufi ya mwisho ya neno kwa njia ya neno lililolikata, hajapata kitu. Taabu kubwa zaidi ni upatanisho wa sarufi. Mwingereza aweza kuficha jibu lake nyuma ya neno lolote, lakini sisi tukisema «kimefichwa» tumekwisha ambia watu kwamba jibu ni la ki-. Na tukisema «cha kunolea», kumbe tupa ni ya kunolea, je, tumewadanganya? Juu ya jambo hili tulibishana wenyewe kwa wenyewe jioni nzima. Wenzetu wengine walisema swali lile litupwe. Sisi twashikilia ya kuwa ni halali, maana «cha» ni cha chombo, na tupa ni chombo. Lakini twakiri kwamba mtungaji ambaye kila mara akimbilia mlango huo ni mvivu. Karata na karatasi hazikuhitaji mlango huo, zote ni za, na ndiyo sababu swali lile ni bora.

Mwenye kusikia haya atauliza: si tuna vitendawili? Tunavyo, navyo ni mali. Lakini tuseme kweli, siku hizi nani afumbuaye kitendawili? Nyumba yangu haina mlango, na darasa zima lapiga kelele, yai! Hakuna aliyefikiri, walikumbuka. Na asiyekumbuka hutoa mji, akaambiwa jibu, mchezo ukaisha. Walioanza kukitega kitendawili kile walitazama yai wakaona nyumba. Sisi twapokea jibu kama tupokeavyo mshahara, bila kujua hesabu yake ilivyofanywa. Mtoto aliyezoezwa hivyo akiona jambo jipya hungoja aambiwe.

Tena twaona Mang'ola ni mahali pa kufaa sana kwa kazi hii. Hapa kandokando ya Ziwa Eyasi, kwenye mashamba ya vitunguu yanyweshwayo kwa maji ya chemchemi, hukutana Wahadza, Wairaqw, Wadatoga na Waisanzu. Lugha hizo nne hazifanani hata kidogo: Kiiraqw ni cha jamaa ya Kikushi, Kidatoga cha jamaa ya Kiniloti, Kiisanzu cha Kibantu, na Kihadza chenye sauti za kidoko hakijaonekana kuwa na ndugu yeyote. Wengi wetu Kiswahili tulikivaa baada ya lugha ya mama. Husemwa ya kuwa huo ni upungufu. Katika kufumbua ni faida, maana aliyezaliwa na neno hupita juu yake kama barabara ya kila siku, bali mgeni wake hutazama chini, akaona lilivyoungwa.

Na liko fumbo moja la hapa petu ambalo halichezwi katika mraba. Mkulima akubali kuuza magunia 20 ya vitunguu, na karatasi yaandikwa «magunia 20». Gunia lipi? Liko gunia lililoshonwa mdomo likiwa limejaa, na liko la rumbesa, lililofutuka juu kama mimba. Neno ni moja, maana ni mbili, nayo ile ya pili yaibukia mizanini, wakati mkulima amekwisha tia sahihi. Karani aliyezoea kuuliza kila neno, «wewe wasema nini zaidi ya hili?», ataandika kilo kabla ya kalamu kupewa mkulima. Asiyezoea ataridhika na wishwa.

Halmashauri imekubali kwamba jarida letu litoe mraba mmoja kila toleo, na watungaji ni ninyi. Twaomba mambo mawili tu: kila swali liwe na maana yake ya haki mahali fulani ndani yake, na kila neno lionekane katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ile iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1981, au liwe la kutumiwa na watu wa hapa. Majibu apewe katibu. La kuanzia ni hili, herufi 8, na mwenyeji wa Mang'ola hana udhuru wa kulikosa:

«Kitu kileleni chatutoa machozi.»