Usiutupe Udongo

Leo tujifunze kwa samaki mdogo, asiyezidi urefu wa kidole, aishiye katika madimbwi ya mvua huku kwetu pwani.

Wafugaji wa samaki wa mapambo humwita kilifishi, ingawa jina hilo halikutoka mji wetu wa Kilifi. Wataalamu humwita Nothobranchius. Aina moja, Nothobranchius palmqvisti, hupatikana pwani ya kusini ya Kenya na kaskazini mwa Tanzania. Dume ana magamba ya buluu yenye kingo nyekundu, na mkia mwekundu. Jike ana rangi ya vumbi tu.

Dimbwi hujaa wakati wa mvua, kisha kiangazi hulikausha, na samaki wote hufa. Lakini wamekwisha kutaga mayai katika tope. Mayai hayo hukaa udongoni miezi mingi, na mvua ikirudi huanguliwa.

Anayewafuga nyumbani hufuata njia hiyo hiyo. Humweka dume mmoja na majike wawili au watatu katika tangi la kioo lenye kifuniko, maana ni hodari wa kuruka. Huwalisha viluwiluwi vya mbu. Chini huweka bakuli la mboji, au unga wa makumbi ya nazi uliooshwa vizuri, nao hutaga humo yai moja moja, kila moja kama milimita 1. Baada ya wiki moja au mbili huitoa mboji, huikamua, huianika juu ya gazeti mpaka ibaki na unyevu kidogo, huitia katika chombo chenye kifuniko, na kuandika tarehe. Kisha hungoja, kwa aina nyingi miezi 2 au 3, pengine zaidi. Akitia maji, vifaranga huonekana kwa muda wa saa chache.

Sasa sikilizeni. Si mayai yote yanayoanguliwa siku hiyo. Mengine hubaki kimya. Mfugaji asiyejua husema, "Haya yamekufa," akamwaga udongo nje. Mfugaji mzoefu huukausha tena, huandika tarehe mpya, hungoja majuma kadhaa, kisha hutia maji mara ya pili. Na mara nyingi hupata samaki.

Kwa nini mayai mengine hukawia? Kwa sababu mvua nyingine hudanganya. Yaweza kunyesha siku mbili, dimbwi likajaa, kisha jua likalikausha kabla samaki hawajakua. Kama mayai yote yangaliitikia mvua hiyo, uzao wote ungalikwisha. Yaliyokawia ndiyo yanayouokoa.

Tena, yai lililokufa huwa jeupe. Lakini yai lililo angavu kama kioo, lisiloonyesha hata dalili ya jicho, laweza kuwa hai kabisa. Wakati wake haujafika.

Mama, umemwombea mwanao miaka mingi, naye bado hakanyagi kanisani. Mwalimu wa kipaimara, vijana uliowafundisha mwaka juzi huwaoni tena. Mzee wa kanisa, umeshika kalamu uyafute majina ya wasioonekana. Je, mna hakika kwamba wamekufa, au mmeona tu kwamba wamekawia? Katika Marko sura ya 4 Bwana Yesu alisimulia habari za mtu aliyepanda mbegu, nayo ikakua hata yeye asijue jinsi ilivyokua.

Walakini kungoja si kusahau. Udongo ukikauka mno, mayai husinyaa; ukilowa mno, huoza. Kwa hiyo mfugaji hufungua chombo mara kwa mara, akatazama. Vivyo hivyo mpigie mwanao simu, umjulie hali. Mwalike nyumbani ale, bila kumkaripia. Usimkaushe kwa kununa, wala usimzamishe kwa maneno mengi. Jina lake liache kwenye orodha, na wiki hii mtu mmoja aende akabishe mlangoni pake.

Na tuombe. Ee Bwana, wewe umetungoja sisi sote. Utupe saburi kwa ndugu zetu waliokawia, na mikono isiyochoka kuwatunza. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.