Nyumba ya nusu saa

Msikilizaji, mwaka 2013 kilianza Marekani kipindi cha Flip or Flop: Tarek na Christina El Moussa, wakati huo mume na mke, walinunua nyumba chakavu California, wakazikarabati, wakaziuza, hadi kipindi kilipoisha 2022. Nusu saa tu, faida imeshahesabiwa. Utamu wake naukubali, na mtazamaji hujifunza kukagua paa na mabomba kabla ya kutoa pesa.

Lakini tega sikio hapa. Nusu saa haionyeshi riba ya mkopo inayoongezeka huku nyumba iko tupu. Na yule aliyekuwa akidunduliza ainunue nyumba hiyo ikiwa chakavu vilevile, aitengeneze polepole, sasa atanunua wapi?