Mihadhara ya Utafiti na Mikutano na Jamii katika Shule ya Uhandisi: Mfano wa Mombasa

Mhadhara wa utafiti katika shule ya uhandisi ni kikao ambapo mtafiti huweka hadharani swali alilolishughulikia, njia aliyopita kulijibu, na mahali jibu lake linapoishia. Mara nyingi kikao hicho ni cha ndani: mwanafunzi wa uzamili hutetea pendekezo lake mbele ya walimu wa idara, au mhadhiri huyapima matokeo yake kwa wenzake kabla ya kuyapeleka kwenye jarida. Kipo pia kikao cha taaluma. Nchini Kenya, Bodi ya Wahandisi iliyoundwa kwa Sheria ya Wahandisi ya mwaka 2011 humtaka mhandisi aliyesajiliwa aendelee kujifunza akiwa kazini, na kuhudhuria mihadhara ni sehemu ya kujifunza huko. Kikao kinachoshughulikiwa zaidi hapa ni kile cha wazi, ambacho mkazi wa mtaa wa jirani hualikwa kusikiliza na, muhimu zaidi, kusema.

Kwa wakazi wa mtaa wa Buxton mjini Mombasa, shule ya uhandisi iliyo karibu ni ile ya Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, TUM, kilichoko Tudor kwenye barabara ya Tom Mboya. Asili ya chuo hicho inafaa kukumbukwa kila inapoulizwa kwa nini watu wa mtaani waalikwe. Kilianza kama Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, maarufu kwa jina la MIOME, iliyobuniwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa michango ya Aga Khan, Sultani wa Zanzibar, jamii ya Mabohora na serikali ya kikoloni. Wanafunzi wa kwanza waliingia mwaka 1951. Mwaka 1966 milango ilifunguliwa kwa watu wa dini zote, mwaka 1972 taasisi ikawa politekniki, mwaka 2007 ikawa chuo kikuu kishiriki, na mwaka 2013 ikapata hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Chuo kilichosimama kwa michango ya watu kina deni kwa mji wake, na mhadhara wa wazi ni mojawapo ya njia za kulilipa.

Desturi ya kuwaita raia wasikilize wanasayansi ni ya zamani. Mihadhara ya Krismasi ya Royal Institution, London, iliyokusudiwa vijana, ilianza mwaka 1825. Lakini pale raia aliketi akatazama majaribio. Mombasa ina sababu ya kwenda mbali zaidi, kwa kuwa baadhi ya ujuzi ambao mtafiti anautafuta uko mikononi mwa mafundi.

Nyumba za Mji wa Kale zinaonyesha jambo hili vizuri. Kuta zake ni mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa na udongo, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliopima upana wa chumba, yapata mita mbili na nusu hadi tatu. Chokaa yenyewe ilipatikana kwa kuchoma matumbawe, na hukauka polepole, wiki baada ya wiki, kwa kuvuta hewa ya kaboni. Ukuta wa namna hii hupitisha unyevu: maji yanayopanda kutoka ardhini hutoka tena kwa kukauka juu ya lipu. Kiwanda cha Bamburi kilipoanza kutoa simiti mwaka 1954, kifaa kipya kilikuwa karibu, kilishika haraka na kilionekana imara. Wengi wakapaka lipu ya simiti juu ya ukuta wa matumbawe. Lipu hiyo ni ngumu kuliko ukuta na haipitishi unyevu kwa urahisi, hivyo maji hubaki ndani, na chumvi yake huganda nyuma ya lipu mpaka lipu ikafura na kubanduka. Mwenye nyumba akiona hivyo huongeza simiti, na hali huzidi kuwa mbaya.

Mhandisi anaweza kupima chumvi hiyo kwenye maabara na kuchora jinsi unyevu unavyosafiri. Asichokijua ni uwiano wa chokaa na mchanga ambao fundi mzee aliurithi, muda wa kuilowesha, na mitaa ambayo visima vyake vina chumvi kali. Mhadhara juu ya lipu, ukifanywa huku fundi ameketi mstari wa mbele badala ya kusimama mlangoni, hurekebisha utafiti siku hiyohiyo. Swali la fundi kama mchanga ulitoka ufuoni au bara linaweza kuangusha jedwali zima la vipimo, na ni afadhali liangushwe hapo kuliko baada ya nyumba ya mtu kupasuka.

Yapo maswali mengine ya kisiwa cha Mombasa yanayostahili kikao. Hewa ya bahari hubeba kloridi zinazopenya zege na kutia kutu vyuma vya ndani. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, na zege hupasuka. Maghorofa mapya yaliyochukua mahali pa nyumba za zamani za manispaa huko Buxton yatakabiliwa na hali hiyohiyo ya hewa, na wapangaji wake wana haki ya kuelezwa dalili zake. Uhandisi wa vifaa vya tiba, fani inayofundishwa TUM, nao una msikilizaji wa karibu katika Hospitali Kuu ya Pwani.

Mikutano na jamii haiishii kwenye mihadhara. Kuna siku za kufungua karakana, maonyesho ya miradi ya wanafunzi, na mashindano ya sayansi na uhandisi ya shule za sekondari, ambayo huwahitaji waamuzi wenye ujuzi. Tarehe 4 Machi ni Siku ya Uhandisi Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2019. Tarehe hiyo hufaa kwa kuonyesha mitambo, ila onyesho lisilo na mtu wa kujibu maswali huwa tamasha tu.

Maandalizi huamua nani atafika. Mada ikitangazwa kwa Kiingereza kwenye ubao wa idara, watakuja wa idara. Ikitangazwa kwa Kiswahili kupitia misikiti, makanisa, wazee wa mitaa na redio za Pwani, watakuja wengine. Saa nazo zina uzito: kikao cha Ijumaa mchana hugongana na swala, cha jioni kisivuke Magharibi, na Ramadhani ina ratiba yake. Akina mama huja kwa wingi panapokuwa na nafasi ya watoto na hakika ya kurudi nyumbani mapema. Maelezo ya dakika arobaini yanatosha, mradi maswali yapewe muda usiopungua huo, na fundi apewe zamu ya kwanza ya kuuliza kabla maprofesa hawajaanza kujadiliana wao kwa wao.

Kazi ya mwisho ni kurudisha matokeo. Mtu aliyeruhusu ukuta wake utobolewe, au maji ya kisima chake yachukuliwe, apelekewe majibu kwa maandishi ya Kiswahili yasiyozidi kurasa mbili, yenye vipimo vya nyumba yake na ushauri ulio wazi, kabla matokeo hayo hayajachapishwa kwingine. Nakala iwekwe kwenye maktaba ya umma, na mtafiti arudi mtaani yeye mwenyewe kuyaeleza kwa wasiosoma.