Magofu ya Kinu cha Miwa katika Bonde la Pangani

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama)



Tumepewa nafasi ya kusema juu ya magofu ya kinu cha miwa tuliyokwenda kuyatazama katika bonde la mto Pangani. Huenda wengine watauliza, makarani wana shughuli gani na mawe yaliyoota magugu? Twawaomba mtusikilize kwa subira, maana neno lenyewe latuhusu sana sisi tushikao kalamu.

Mahali penyewe hapaonekani kwa mbali. Mizizi imepenya katika kuta za mawe na chokaa, na nyasi ndefu zimefunika sakafu. Ilitubidi kufyeka njia kwa panga, hatua kwa hatua. Lakini mtu akijua jinsi kazi ya sukari ilivyokuwa, magofu huanza kusema. Muwa ukisha kukatwa haungoji. Usipokamuliwa upesi maji yake huchacha. Kwa hiyo kinu hujengwa karibu na shamba, wala hakijengwi mjini. Palipo sawa, penye nafasi ya kuzunguka, ndipo vyuma vya kukamulia viliposimama. Chini yake kidogo ndipo penye jiko refu, ambapo masufuria yalipangwa moja baada ya moja. Maji ya miwa yalichemshwa, povu likaenguliwa, yakahamishwa toka sufuria hata sufuria mpaka yakawa mazito. Makapi yalianikwa yakawa kuni. Tulifukua kidogo kwa ncha ya panga, tukaona udongo mwekundu uliookwa na moto, na chini yake majivu.

Basi fikirini hesabu yake. Ili kupata ratili moja ya sukari, hupondwa miwa ya ratili kumi hivi. Yote hiyo ilikatwa, ikabebwa na kusukumwa katika vyuma kwa mikono ya watu, usiku na mchana wakati wa mavuno, na mkono ulioteleza ulivutwa pamoja na muwa. Watu hao walikuwa akina nani? Katika karne iliyopita kabla ya ile ya 20, mashamba ya miwa ya Pangani yalikuwa ya Waarabu na matajiri wa pwani, na waliofanya kazi walikuwa watumwa walioletwa kutoka bara.

Wala hawakukubali mambo yale kwa kimya. Mwaka 1873, mwaka ule ule Seyyid Barghash alipotia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa la Unguja, watumwa wa mashamba ya miwa karibu na Pangani waliasi, wakatoroka, wakajihami Kikogwe, kusini mwa mto. Miaka 20 baadaye, mwaka 1893, Kikogwe hiyo hiyo ilipandwa mkonge wa kwanza ulioletwa na Dakta Richard Hindorf. Miche 1,000 ilitumwa kutoka Florida, ikapona 62 tu. Mkonge ukaenea, na vinu vya miwa vikaachwa kwa magugu.

Sasa tutazame daftari. Abushiri bin Salim el-Harthi, aliyekuwa na shamba la miwa huko, akapigana na Wadachi tangu mwaka 1888, akanyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889, jina lake lipo katika vitabu. Dakta Hindorf jina lake lipo. Hata miche 62 imehesabiwa! Lakini waliosukuma miwa katika kinu kile, nani aliyewahesabu? Mmea umepata mwandishi, mtu hakupata.

Ndugu wanachama, hapa ndipo tulipokusudia kufika. Utumwa uliondolewa kwa sheria katika Tanganyika mwaka 1922. Waliozungukia kinu wamekwisha kufa wote, lakini wajukuu na vitukuu wapo, na baadhi yao wamehifadhi jina la babu, nchi aliyotoka, na kazi aliyopewa. Wengine huona haya kusema, na haya hiyo si yao. Ni ya waliowanunua. Yatupasa tuwaendee kwa adabu, tuketi, tuulize bila haraka. Asiyetaka kusema asilazimishwe. Anayetaka, tuandike jina, mahali, aliyesimulia na tarehe, kisha tumsomee aliyosema ili asahihishe. Nakala moja ibaki kwake, na moja kwetu.

Mali iliyo katika magofu isiguswe. Chuma kilichobaki kisiuzwe kwa mnunuzi wa vyuma vikuukuu, wala mawe yasichukuliwe kujengea, maana huo ndio ushahidi uliosalia.

Kila siku twaandika barua na hesabu za watu wengine, na mali ikipotea hata senti moja twaitafuta mpaka ionekane. Hatuna budi kuwatafuta na watu hawa kwa bidii ile ile. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mtu ni zaidi ya mali.