Mabaka ya Ndama na Mapunye ya Mtoto: Dawa Ipi, kwa Muda Gani?

Leo tuzungumzie ugonjwa usioua ng'ombe, lakini unaokula fedha, unaoharibu ngozi ya mnyama na kuhamia kwa watoto wetu. Ni fangasi wa ngozi.

Mtazame ndama wako. Je, ana mabaka ya mviringo kuzunguka macho, masikioni au shingoni? Manyoya yamenyonyoka na kuna magamba makavu ya kijivu? Basi huenda ni fangasi. Sasa mtazame mtoto anayemshika ndama huyo wakati wa kukamua. Akiwa na choa mkononi, au mapunye kichwani, inawezekana ameambukizwa na ndama. Fangasi huenea kwa kugusana, kwa kamba na kwa nguzo za zizi. Mbuzi, kondoo na ngamia nao hupata.

Hapa ndipo fedha hupotea. Mfugaji hununua sindano ya oksitetrasaiklini. Dawa hiyo hupambana na bakteria, fangasi haiwagusi. Ivermektini hutibu ukurutu unaoletwa na utitiri, ambao humfanya mnyama ajikune sana. Dawa ya kuogeshea ni ya kupe. Oili chafu na maji ya betri huunguza ngozi tu. Ukiona vinundu vigumu mwilini pamoja na homa, huo ni ugonjwa mwingine: mwite mtaalamu wa mifugo haraka.

Je, ndama atibiwe vipi? Mtenge na wenzake. Vaa glovu au mifuko ya plastiki mikononi. Lainisha magamba kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, yaondoe taratibu bila kutoa damu, kisha yachome moto. Baka likikauka, paka iodini au dawa ya fangasi utakayoelekezwa na mtaalamu, ukivuka kidogo ukingo wa baka, kwa sababu fangasi hukua kuelekea nje. Jihadhari na macho. Ndama mwenye afya hupona hata bila dawa, kwa miezi miwili hadi minne. Lakini kwa muda wote huo anaambukiza wengine. Usimpe ng'ombe vidonge vya fangasi vya binadamu: dawa inaweza kubaki kwenye maziwa na nyama.

Kwa mtu, inategemea mahali palipoathirika. Choa ya mwilini hutibiwa kwa krimu ya klotrimazoli au mafuta ya Whitfield, mara mbili kwa siku. Ngozi itaanza kupendeza mapema, lakini usiache. Endelea kwa wiki moja au mbili baada ya baka kutoweka, maana fangasi waliobaki huanza upya. Epuka krimu zilizochanganywa na steroidi: huondoa mwasho na wekundu, huku fangasi wakizidi kuenea.

Mapunye ya kichwani ni habari nyingine. Krimu haifiki kwenye shina la nywele. Mpeleke mtoto kituo cha afya, apimwe uzito na kupewa dawa ya kumeza. Griseofulvini hutumika kwa wiki sita hadi nane, na hufyonzwa vizuri ikimezwa pamoja na chakula chenye mafuta. Hapo maziwa yetu yenye siagi yanasaidia. Mama mjamzito asiitumie. Mweleze mhudumu kwamba nyumbani kuna ndama mwenye mabaka. Habari hiyo itamsaidia kutambua ugonjwa.

Mwisho, tusisahau zizi. Mbegu za fangasi huweza kuishi kwenye mbao na magamba makavu kwa miaka. Sugua nguzo na vyombo kwa sabuni, kisha tumia klorini ya kufulia: sehemu moja kwa sehemu kumi za maji. Wahamishie ndama mahali pakavu penye jua, wasibanane, na kila mmoja awe na kamba yake.

Kabla ya kulipia dawa yoyote, uliza maneno matatu: inaua nini, nitaitumia siku ngapi, na maziwa yatafaa kunywewa lini? Muuzaji asipoweza kujibu, weka fedha yako mfukoni, umtafute mtaalamu.

Sasa tupokee maswali.