Vidonge vya Maisha Marefu: Ushahidi Uko Wapi?

Watu wanaokula sana mboga na matunda huugua saratani ya mapafu mara chache zaidi. Je, siri ni beta-karotini, inayoipa karoti rangi yake? Watafiti nchini Ufini waliwagawa kwa kura wanaume wavutaji sigara zaidi ya 29,000: baadhi wakapewa vidonge vya beta-karotini, wengine vidonge visivyo na dawa. Matokeo yakatangazwa mwaka 1994: waliomeza beta-karotini waliugua saratani hiyo zaidi, kwa asilimia 18!

Basi ukiuziwa kidonge cha kurefusha maisha, uliza: Kimejaribiwa kwa watu? Wangapi? Kililinganishwa na nini? Muuzaji anafaidikaje? Na kama unavuta sigara, acha leo. Faida ya kuacha imethibitishwa.