Kata Wavu, Okoa Roho

(Mazungumzo na wanafunzi wa sekondari, Nyashimo, wilayani Busega)

 

Leo sizungumzii UKIMWI wala malaria. Nazungumzia kisu. Msicheke! Hapa Nyashimo tuko jirani na Ghuba ya Speke, na baadhi yenu likizo ikifika mnaingia ziwani na kaka au mjomba kutafuta hela ya daftari na sare. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 watu wapatao 300,000 duniani walikufa maji. Basi hili nalo ni suala la afya.

Hatari yenyewe iko hivi. Wavu wa makila umenasa kwenye jiwe au kisiki. Kijana hodari wa kupiga mbizi anaambiwa, "Hebu zama ukaunasue." Anavuta pumzi, anashuka. Chini kuna tope, haoni vizuri. Wavu unashika kifungo cha shati au kidole cha mguu. Anajigeuza ili atoke, kumbe kila akijigeuza unazidi kumviringa. Nyuzi za timba, ambazo sheria inazikataza, ndizo mbaya zaidi: hazionekani majini na hazikatiki kwa kuvuta. Na mtu mwenye hofu pumzi yake huisha upesi.

Je, kisu gani kinafaa? Si panga, wala si kile kirefu cha kupasulia sangara. Chukua kifupi, makali yake yawe kama urefu wa kiganja. Ncha iwe butu, usije ukajichoma au ukatoboa boya. Upande mmoja uwe na meno kama msumeno, maana kamba ya manila iliyolowa huteleza kwenye makali laini. Kiwe cha chuma kisichoshika kutu, na mpini ufungwe kitu chekundu ili kionekane kikidondoka. Kabla ya kukiamini, kijaribu ufukweni: lowesha kipande cha wavu mkavu, ukate kwa mkono mmoja. Kikishindwa nchi kavu, majini ndiyo kabisa!

Ukibebe wapi? Kiunoni, kwa mbele, mahali ambapo mkono wa kulia na wa kushoto yote inafika. Ukinaswa mkono mmoja, utabaki na ule mwingine tu. Kiwe ndani ya ala inayobana. Mpira wa tyubu ya baiskeli unatosha kukifunga. Usikifunge nje ya mguu, kwa sababu hapo chenyewe kitanasa wavu. Kisu kilichobaki mtumbwini hakimsaidii aliye chini.

Ukinaswa, kwanza tulia. Usijigeuze. Shika uzi, uvute ukaze, kata kuelekea nje ya mwili wako. Ukipata nafasi, panda juu. Usirudi kutafuta kisu kilichodondoka.

Tena, usizame peke yako. Awepo mtu juu anayekuangalia. Na usihemehheme haraka haraka kabla ya kuzama ukidhani unajaza hewa. Kinachokusukuma upumue ni hewa chafu ya kaboni inayojaa mwilini. Ukiitoa mno, mwili hautakuonya mapema. Unaweza kuzimia chini bila kujua.

Sasa tuseme lile linalowaogopesha wengi. "Nikikata wavu, tajiri atanikata mshahara!" Kweli, nyavu ni ghali, na tajiri anaweza kukasirika. Ndiyo maana jambo hili lizungumzwe ufukweni, kabla ya kusukuma mtumbwi: "Mzee, mtu akinaswa, tunakata." Msemee mdogo wako kama yeye anaona haya. Tajiri asiyekubali, usizame kwenye wavu wake. Wavu hushonwa, mtu aliyekufa hashonwi.

Mwisho, kisu hiki ni cha ziwani. Ukitoka majini, kisuuze, kikaushe, kiweke nyumbani. Kisionekane shuleni wala mnadani, na kisiwe cha kutishia wenzako. Ukijikata, osha kidonda kwa maji safi na sabuni, kibane kwa kitambaa safi, kisha nenda kituo cha afya uulizie chanjo ya pepopunda.

Kinga ni bora kuliko tiba. Jioni ya leo muulizeni kila anayeingia ziwani nyumbani kwenu: kisu chako kiko wapi?

 Karibuni maswali.